Kipimo cha mguu wa mama kimepanda: ni mguu au ni mashine?

Swali: Mama yangu ana miaka 61 na amekuwa na kisukari kwa miaka 14. Miguu yake ina ganzi, na mwaka juzi alipata kidonda chini ya shina la kidole gumba cha mguu wa kulia, kikachukua miezi kupona. Tulimpeleka kliniki moja ya miguu Dar es Salaam, akatembezwa pekupeku juu ya mkeka wenye vihisio. Pale penye kovu pakasoma kilopaskali 520. Wiki tatu baadaye pakasoma 610, na kasi yake ya kutembea ikashuka kutoka mita 1.02 kwa sekunde hadi 0.94. Mhudumu mmoja anasema hali inazidi kuwa mbaya. Mwingine anasema mashine hizo zinabahatisha tu, tusizitie maanani. Nimwamini nani? Na je, tulipie kipimo cha tatu? (Msomaji, Tanga)

Jibu: Pole kwa kuuguza, dada, na mfikishie mama salamu zangu. Nianze na jibu fupi. Kwa tarakimu ulizonitumia, hakuna anayeweza kusema kwa uhakika kwamba mguu umezidi kuharibika. Vilevile hakuna msingi wa kusema mashine inabahatisha. Tofauti ya kilopaskali 90 kati ya vipimo viwili vya pekupeku vilivyopishana wiki tatu inaweza kabisa kutokea bila mguu kubadilika. Lakini vipimo vyote viwili vimenyooshea kidole mahali pamoja, palepale palipowahi kupasuka, na hilo si la kupuuza. Kipimo cha tatu cha pekupeku kwa sasa msilipie. Nitaeleza fedha hiyo iende wapi.

Kwanza tuiweke hatari ya mama mahali pake. Miongozo ya kimataifa ya mguu wa kisukari, ile ya kikundi kinachojulikana kwa kifupi IWGDF, inamweka mtu mwenye ganzi aliyewahi kupata kidonda katika kundi la 3, la juu kuliko yote, na inataka miguu yake ikaguliwe kila baada ya mwezi 1 hadi 3. Mama angesoma 400 angekuwa kundi la 3. Angesoma 800 angebaki kundi la 3. Watafiti wamejaribu kwa miaka mingi kutafuta mpaka mmoja wa shinikizo la pekupeku ambao ukiuvuka unapata kidonda na usipouvuka uko salama. Hawakuupata. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1998 uliujaribu mpaka wa kilopaskali 700: uliwanasa watu wapatao 70 kati ya kila 100 waliokuwa na vidonda, na katika kila 100 wasio na vidonda uliwaweka 65 tu upande wa salama. Kwa hiyo asikutishe mtu kwa 610, wala asikutulize kwa 520.

Sasa tuje kwenye mashine. Mkeka ule una vihisio vidogo vilivyopangwa safu kwa safu. Mguu ukikanyaga, kila kihisio kinasoma nguvu inayokigandamiza, na programu inaigawanya nguvu hiyo kwa eneo la kihisio. Kisha, katika hatua nzima, inatafuta kihisio kilichobanwa kuliko vyote na kuandika tarakimu yake. Hicho ndicho kilele cha shinikizo. Kilopaskali 520 ni sawa na kilo 5.3 hivi zikilalia sentimita 1 ya mraba. Ni tarakimu ya eneo dogo sana, kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Mtu akigeuza wayo kidogo tu wakati wa kukanyaga, mzigo unahama kutoka shina la kidole gumba kwenda shina la kidole cha pili, na tarakimu inabadilika ingawa mguu ni uleule.

Ni kama presha. Kila familia yenye mgonjwa wa presha inajua kwamba ukipimwa ukiwa umetoka kupanda ngazi unapata namba nyingine, ndiyo maana muuguzi anakwambia ukae kwanza utulie. Hakuna anayesema mashine ya presha inabahatisha. Tunasema ipimwe kwa utaratibu mmoja. Mkeka wa miguu unadai utaratibu kama huo, tena mkali zaidi.

Kinachoutikisa zaidi ni kasi. Mtu akienda haraka anakanyaga kwa nguvu zaidi kisigino na mbele ya wayo, na kilele kinapanda. Ndiyo maana maabara makini zinapima kasi katika kila mpito na kuitupa hatua ambayo kasi yake imetoka nje ya asilimia 5 au 10 ya ile iliyokubaliwa. Kwa mama kuna jambo la kutazama kwa makini: kasi ilishuka lakini shinikizo likapanda. Kasi pekee ingetarajiwa kulishusha. Kuna kitu kingine, na ningeanza kukitafuta sehemu mbili.

Sehemu ya kwanza ni sugu. Uliza kama siku ya kipimo cha kwanza mama alikuwa amekatwa sugu, au kama alikatwa siku chache kabla. Kipande cha ngozi ngumu chini ya shina la kidole gumba kinafanya kazi ya kokoto iliyogandishwa kwenye wayo. Tafiti zilizopima mguu kabla na baada ya kukwangua sugu zilikuta kilele cha shinikizo kinashuka kwa takriban robo. Kutoka 610 hadi 520 ni kama asilimia 15. Kwa hiyo wiki tatu za sugu kuota upya zinaweza kueleza tofauti yenu yote. Ikiwa ndivyo, mhudumu wa kwanza ana ukweli wake: mzigo umeongezeka kweli, na dawa yake ni mikono ya mtaalamu yenye kisu safi. Msifanye wenyewe nyumbani kwa wembe. Nimeona miguu mingi isiyohisi iliyokatwa hivyo, na mwenye mguu anagundua pale anapoona damu sakafuni.

Sehemu ya pili ni namna alivyofika kwenye mkeka. Wagonjwa wengi wakiambiwa "kanyaga hapa" wanaulenga mkeka kwa macho, wanafupisha hatua ya mwisho, wanashindilia mguu. Mwenye kisukari cha muda mrefu analazimika kulenga zaidi kuliko wengine, kwa kuwa ganzi imemnyima habari za sakafu na huenda macho nayo yameguswa. Kuna njia tofauti za kumpitisha mtu: mkeka ukutane na hatua yake ya kwanza, au ya pili, au katikati ya matembezi marefu. Kwa mguu wa kisukari wengi wetu tunapenda ya hatua ya pili, kwa sababu inatoa matokeo yanayolingana vizuri na ya matembezi marefu huku mgonjwa akitembea hatua chache tu pekupeku, na mguu uliowahi kupasuka haufai kutembezwa pekupeku bila sababu. Njia yoyote inafaa, mradi iwe ileile siku zote. Siku moja hatua ya pili, siku nyingine katikati ya matembezi, hapo mmepima vitu viwili na kuviita jina moja.

Uliza pia ni hatua ngapi zilizohesabiwa. Hatua moja haitoshi. Kwa kawaida tunachukua wastani wa 3 hadi 5 kwa kila mguu. Hesabu yake ni rahisi: ile sehemu ya mtikisiko inayotokana na hatua kutofanana inapungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya hatua, hivyo hatua 4 zinaupunguza kwa nusu. Hata hivyo hatua nyingi za siku moja haziondoi tofauti ya siku na siku: uvimbe wa jioni, uchovu wa safari ya basi kutoka Tanga, sukari kuwa chini, mhudumu mwingine kuchora mipaka ya sehemu za wayo kwenye kompyuta kwa mkono wake.

Nikae kidogo kwenye takwimu, maana ndipo watu wazuri wanapopotoshana. Wauzaji wa mashine, na wakati mwingine sisi wataalamu wenyewe, tunasema "uthabiti wa kipimo hiki ni 0.95". Kipimo hicho cha uthabiti kinaanzia 0 na kuishia 1, na chochote kinachozidi 0.9 kinahesabiwa kuwa bora kabisa. Msikilizaji anaondoka akiamini kosa ni dogo sana. Lakini tarakimu hiyo inajibu swali tofauti na lako. Inauliza: ukiwapanga watu wote kuanzia mwenye shinikizo dogo hadi mwenye kubwa, je, ukiwapima tena watajipanga vilevile? Wenye kisukari wanatofautiana mno. Mmoja ana wayo laini, mwingine vidole vimejikunja kama kucha za ndege na mafuta yanayolinda shina la vidole yamesogea mbele. Watu wakitofautiana kiasi hicho, mpangilio wao unabaki uleule hata kila mmoja akiyumba makumi ya kilopaskali. Uthabiti unaonekana mkubwa kwa sababu watu wako mbalimbali, wakati mama yako ni mtu mmoja, naye analinganishwa na nafsi yake.

Tufanye hesabu ya mfano. Chukua kundi ambalo mtawanyiko wake, yaani mkengeuko sanifu, ni kilopaskali 200. Uthabiti ni 0.95. Kosa la kipimo kimoja ni 200 mara kipeuo cha pili cha 0.05, yaani karibu 45. Ili useme kwa uhakika wa asilimia 95 kwamba mtu mmoja amebadilika kati ya vipimo viwili, unazidisha kosa hilo kwa 2.77, maana kila kipimo kina kosa lake na yote mawili yanaingia. Unapata karibu 124. Kwa kliniki yenye uthabiti huo unaosifiwa kuwa bora kabisa, mabadiliko yoyote chini ya 124 kwa mgonjwa mmoja hayatofautishiki na mtikisiko wa kipimo. Yenu ni 90. Hapo unaona kwa nini nasema hakuna wa kumwamini moja kwa moja kati ya wale wawili: mashine inaweza kuwa nzuri na bado isitoshe kuiona tofauti hii kwa mtu mmoja.

Hizo 124 ni za mfano wangu, usizibebe kwenda nazo kliniki. Kila kliniki inapaswa kuwa na yake, iliyopatikana kwa kuwapima wagonjwa wake mara mbili kwa mashine yake na wahudumu wake. Na hata ndani ya wayo mmoja tarakimu haifanani. Kisigino, shina la kidole gumba na mashina ya vidole vya kati kwa kawaida hurudia vizuri. Katikati ya wayo na vidole vidogo hurudia vibaya, kwa kuwa shinikizo lake ni dogo, au kidole hugusa mara hii na mara nyingine kisiguse. Bahati nzuri, eneo la mama liko kwenye sehemu zinazopimika vyema.

Kuhusu kasi sitakaa sana. Kasi ya kutembea ni moja ya vipimo thabiti tulivyo navyo, na haihitaji mashine ya gharama: korido ya mita 10, saa, na mita mbili za ziada kila upande ili kuanza na kusimama visihesabiwe. Kwa watu wazima wenye umri, badiliko la mita 0.1 kwa sekunde ndilo tunalolichukulia kuwa kubwa lenye maana, na 0.05 ni dogo lakini la kuangaliwa. Yake ni 0.08, kwa safari mbili tu. Mpimeni nyumbani au zahanati kila mwezi, avae viatu vilevile, aende mwendo wake wa kawaida. Ikiendelea kushuka kwa miezi mitatu mfululizo, mwambieni daktari, maana hapo tunawaza mengi zaidi ya miguu. Kuna tarakimu nyingine ambazo huenda ziko kwenye karatasi yenu, kama kuyumba kwa urefu wa hatua. Ziacheni. Hizo zinahitaji makumi ya hatua ndipo zisimame, na mkeka mfupi hauzitoi.

Sasa fedha iende wapi? Iende kwenye viatu, na kwenye kipimo cha ndani ya viatu hivyo. Hiki ni tofauti na cha pekupeku: soli nyembamba yenye vihisio inaingizwa kati ya mguu na soli ya ndani ya kiatu. Tarakimu zake ni za chini zaidi na hazilinganishwi kamwe na za mkeka. Miongozo inasema kwa aliyewahi kupata kidonda cha wayo, kiatu kipunguze shinikizo mahali palipo hatarini kwa angalau asilimia 30, au kilishushe chini ya kilopaskali 200 kwa vihisio vya ukubwa wa sentimita 2 za mraba. Ukubwa huo umetajwa kwa sababu kihisio kikubwa kinatawanya kilele na kusoma chini ya hali halisi. Kwa hiyo ukisikia "200 ndiyo kikomo", jua ni ya ndani ya kiatu. Wapo waliotishwa bure kwa kulinganisha 500 ya pekupeku na 200 hiyo.

Vihisio vya ndani ya kiatu vina udhaifu wake. Vinachoka, vinakunjika, vinabadilika kwa joto na jasho la mguu, na vingine husoma juu zaidi kadiri dakika zinavyopita. Kulinganisha soma la leo na la baada ya miezi minne kwa soli iliyochakaa ni kazi ya mashaka. Lakini kipimo hiki kina nguvu moja ambayo kwangu inazidi yote: mabadiliko yanapimwa katika kikao kilekile. Mama anavaa kiatu, anatembea dakika chache vihisio vipate joto, anapimwa. Fundi anaitoa soli ya ndani, anachimba kidogo chini ya shina la kidole gumba, anaweka egemeo nyuma yake, anairudisha, na mama anatembea tena kwa kasi ileile, soksi zilezile, vihisio vilevile. Makosa mengi ya siku na siku yanajifuta kwa sababu yapo pande zote mbili. Kutoka 290 hadi 195 ndani ya saa moja ni habari ninayoiamini zaidi kuliko 520 na 610 za wiki tatu. Ikiwa kliniki haina vifaa hivyo, fundi wa viatu tiba mwenye mafunzo anaweza kutumia mkeka wa wino unaochapa unyayo: palipobanwa zaidi panatoka peusi zaidi. Hautoi kilopaskali, lakini unaonyesha mahali. Moshi kuna chuo cha TATCOT kinachofundisha mafundi wa fani hii, na wahitimu wake wanafanya kazi katika hospitali mbalimbali nchini. Waulizeni hospitali ya mkoa.

Kuna mambo mawili ambayo hakuna mkeka unaoyaona. La kwanza ni msuguano wa pembeni, ngozi inapovutwa huku mfupa ukienda kule. Mikeka ya kawaida inapima mgandamizo wa kushuka tu. La pili ni wingi wa hatua. Daktari Paul Brand, aliyefanya kazi na wagonjwa wa ukoma Vellore, India, na baadaye Carville, Louisiana, alifundisha kwamba mguu usiohisi mara nyingi hauumizwi na pigo moja kubwa: mzigo wa wastani unaorudiwa maelfu ya mara mahali palepale ndio unaochosha nyama mpaka zinapasuka. Mguu wenye hisia ungekulazimisha kuchechemea au kupumzika. Wa mama hautamwambia.

Na hapo naomba umtazame mama ndani ya nyumba. Uholanzi walifanya utafiti wa wagonjwa 171 waliowahi kupata vidonda, ukachapishwa mwaka 2013. Nusu walipewa viatu vilivyorekebishwa kwa kipimo cha ndani ya kiatu, nusu viatu vya kawaida vya tiba. Kwa jumla tofauti haikuwa ya kuaminika. Lakini walipowaangalia waliovaa viatu kwa angalau asilimia 80 ya hatua zao, kidonda kilirudi kwa takriban asilimia 26 ya wenye viatu vilivyorekebishwa, dhidi ya 48 kwa wenzao. Na walipopima uvaaji kwa kifaa kilichofichwa ndani ya kiatu, nje ya nyumba walivaa kwa asilimia 87 ya hatua, na nyumbani 61. Hiyo ni Uholanzi. Kwetu viatu vinavuliwa mlangoni, na mama wa Tanga anapika, anafua na anaswali pekupeku au kwa kandambili. Sakafuni kwake ndiko hatua nyingi ziliko. Basi mtengenezeeni jozi ya pili ya ndani, isiyotoka nje, yenye soli ya ndani ileile, ili adabu ya nyumba ibaki na mguu ulindwe.

Kila jioni mkague wayo, na mguse sehemu ileile ya miguu yote miwili kulinganisha joto. Mkiwa na kipima joto cha ngozi, tofauti ya nyuzi 2.2 za Selsiasi kati ya mguu na mguu, ikirudi siku mbili mfululizo, ni ishara ya kupunguza kutembea na kwenda kliniki. Mguu ukivimba, ukawa mwekundu na wa moto hata kama hauumi, msisubiri miadi, nendeni siku hiyohiyo.

Kama siku moja kutakuwa na sababu ya kumpandisha tena mkekani, yaani matokeo yatabadilisha kiatu au tiba, mwombe mhudumu aandike kwenye karatasi ya majibu: aina ya mashine, hatua ya ngapi ilipimwa, hatua ngapi zilihesabiwa, kasi, saa ya kipimo, kama sugu ilikatwa na lini, na badiliko dogo kabisa ambalo kliniki yao inalihesabu kuwa la kweli. Akikosa hilo la mwisho, mwombe akupe vilele vya kila hatua badala ya wastani pekee. Ukiona siku moja hatua za mama zinaanzia 470 hadi 640, hiyo 610 ya safari ya pili utaisoma bila kumtisha mtu.